Kumtafuta Anjalai

Kadiresan hakungoja hata pikipiki inyamaze. Aliiegemeza kwenye mkwaju, akachomoa picha kifuani na kumsogezea muuza chai.

"Umewahi kumwona mama huyu?"

Muuza chai aliinama. Picha ilikuwa imekatwa kutoka picha ya harusi ya Kadiresan. Pembeni lilibaki bega la bwana harusi na ncha ya shada lake. Katikati alisimama mwanamke mzee, mrefu, kipini puani, nywele nyingi zimefungwa kisogoni.

"Vikongwe wamejaa mahekalu yote haya, kaka. Huyu alipotelea wapi?"

"Tiruvarur. Siku ya sikukuu, watu wakivuta gari la mungu kwa kamba."

"Loo, umati ule unameza hata polisi. Akili yake nzima? Jina la kijiji chake analijua?"

"Analijua."

"Na basi la kumrudisha?"

"Analijua pia."

"Sasa mbona hakurudi?"

Kadiresan alirudisha picha kifuani, akapiga kiki na kuondoka.

Ilikuwa siku ya saba ya kumtafuta, karibu mwaka mzima tangu sikukuu ile ya Tiruvarur. Alikwisha kupita Mannargudi, Kumbakonam na Mayavaram. Kila mji alianzia kwenye ngazi za bwawa la hekalu, akaenda kwenye foleni ya chakula cha sadaka, akamalizia langoni kwa ombaomba. Kule Kumbakonam alisimama juu ya ngazi akaita, "Mama!" Vikongwe tisa waligeuka kwa mpigo mmoja. Kisha nyuso zote tisa zikazimika, wakarudi kufua.

Barabara ya Tirukkadaiyur ilikata katikati ya mashamba ya mpunga. Wakulima walikuwa wametandaza mabua juu ya lami ili magurudumu ya wapita njia yawapurie, na pikipiki iliteleza kama imepita kwenye sabuni. Cheni ilichomoka mara mbili. Mara ya pili, mikono ikiwa imejaa grisi, simu iliita. Alikuwa mkewe.

"Umempata?"

"Bado."

"Rudi, baba Selvi. Majirani tuliwaambia yuko kwa dada yako. Sasa wanauliza, kama yuko kwa dada yako, wewe unazunguka kutafuta nini?"

Alikata simu, akairudisha cheni.

Tirukkadaiyur ni mji wa watoto wema. Huko huwaleta wazazi waliofikisha miaka sitini au themanini, wakawavisha mashada kama maharusi na kumwomba mungu aliyeyashinda mauti awaongezee siku. Mbele ya lango mwanamume wa rika lake alikuwa akimteremsha mama yake garini, taratibu, kama anayebeba yai. Kadiresan aligeuza uso.

Kibanda cha maua cha mwanamke aitwaye Sornam kilikuwa cha kwanza kushoto. Mwenyewe alikaa mbele akitafuna tambuu, na nyuma yake lilining'inia turubai la buluu. Chini ya ukingo wake ilionekana mikono ya wanawake wakitunga asumini.

Sornam aliishika picha kwa muda mrefu. Kwa siku saba hakuna aliyeishika hivyo.

"Huyu ni Anjalai," alisema.

"Unamjua!"

"Nilimjua. Wewe nani yake?"

"Mwanawe."

Sornam alimtazama kutoka viatuni hadi usoni. "Yule aliyekwenda kununua maji?"

Kadiresan alikaa mavumbini palepale, kati ya mabua ya maua yaliyotupwa.

"Alikungoja siku nne kwenye nguzo ulipomweka," Sornam alisema. Hakupandisha sauti. "Watu wanamwambia, mama, panda basi urudi kwenu. Anasema hapana, mwanangu akirudi na maji asinikute, atahangaika. Siku ya tano akaelewa. Akafuatana na mahujaji kwa miguu mpaka hapa."

"Yuko wapi, dada? Niambie nikamchukue. Nitambeba mgongoni."

"Homa ilimchukua msimu wa mvua. Tulimchoma sisi wauza maua, kule ufukweni."

Kadiresan aliinua uso. "Nani aliwasha moto?"

"Mume wangu. Ni kazi ya mwana, na mwana hakuwapo."

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, paji la uso likigusa ardhi. Wapita njia walimkwepa. Alitaka kumshika Sornam miguu. Sornam akaivuta chini ya sari.

"Siku ile nilifika darajani nikasimama," Kadiresan alisema katikati ya kilio. "Injini inaunguruma. Nikasema nageuza. Ingekuwa dakika kumi tu, ningemkuta. Nikasema nageuza, dada. Sikugeuza."

"Nenda nyumbani," alisema Sornam. "Hapa huna wa kumchukua."

Alimrudishia picha. Kadiresan aliifuta kwa shati, akaitia kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu atoke kwao hakujua aelekeze pikipiki upande gani. Alipiga kiki mara tatu ndipo ikawaka. Akaondoka polepole kufuata barabara ya mashamba, mabega yameshuka, na mlio wa pikipiki ukafifia hadi ukaisha.

Sornam alitema tambuu, akasubiri kidogo, kisha akainua turubai.

Wanawake wanne waliendelea kutunga bila kuinua macho. Wa tano, mrefu, kichwa kimenyolewa upara, alikuwa amejaa asumini mapajani na hakuwa ametunga hata ua moja.

"Ameondoka, mama Anjalai," Sornam alisema. "Nimemwambia vilevile ulivyonituma."

Kikongwe aliitazama barabara tupu.

"Lakini alikuwa amekula?" aliuliza.