Nzito Juu, Nyepesi Chini

"Usihangaike kuziwekea alama," Winchi alimwambia fundi. "Ipi ni ipi, nitakwambia mwenyewe."

Zilikuwa kompyuta mbili za mezani, nyeusi, kuukuu, zimefanana kama shilingi kwa ya pili. Mzee aliinyanyua moja kidogo juu ya meza, akaishusha. Akainyanyua na ya pili.

"Hii nzito ilikaa juu, kwa mkurugenzi wa hospitali. Hii nyepesi, chini, chumba cha picha."

"Umejuaje, baba?"

"Mgongo hausahau. Nimekuwa mchukuzi pale miaka ishirini na miwili. Siku zilipoletwa msimamizi alisema neno moja tu, 'peleka', maana wale hawana maneno ya kupoteza kwa mchukuzi. Nikazibeba. Au unadhani jina la Winchi nilipewa na mama yangu?"

Fundi alicheka. Mzee hakucheka. Tangu mke wake afariki, mwaka wa tatu huo, mizaha yake yote ilitoka na uso wa matanga.

Alichotaka ni karatasi. Kesho yake kamati ya malalamiko ya hospitali ingemsikiliza, baada ya kumzungusha kama pia. Hospitali ilipouza vyombo vyake chakavu, alizitafuta hizo mbili akazinunua. Sasa alitaka mtu mwenye ujuzi aandike ipi ilikuwa na nguvu, na kwa kiasi gani. Akishaiweka mezani kwao, waseme tena kwamba ni mipango ya Mungu.

Fundi alifungua ubavu wa kila moja, akapuliza vumbi, akachungulia prosesa.

"Zote za kizamani, lakini kila moja na kazi yake. Nyepesi ina viini vinne, vina mbio. Nzito ina kumi na sita, vya mwendo wa kawaida. Chukulia ni wachukuzi, baba. Una barua moja ya kuwahisha, utamtuma anayekimbia. Una lori la magunia, utataka watu kumi na sita, hata kama wanatembea."

"Na picha ya ndani ya kichwa cha mtu?"

"Hayo ni magunia."

"Na gemu?"

"Gemu ni barua. Mcheza gemu ningempa nyepesi."

"Mkurugenzi alikuwa anacheza mpira humo, mchana kutwa. Nikimpelekea maji namkuta anajishangilia peke yake."

"Basi aliyezigawa hakujua anachofanya."

"Wanajua sana, binti. Pale kikija kizuri ni cha juu, makombo ni yetu wa chini. Hilo hakuna anayesubiri kuambiwa."

Fundi aliziwasha zote mbili, akazipa kazi moja: vipande mia nne vya picha, viungwe viwe kichwa kimoja. Winchi akakaa kwenye stuli, macho kwenye saa ya ukutani. Nzito ilimaliza kwa dakika kumi na moja. Feni ya nyepesi ikaendelea kulia.

Siku ile pia alikaa hivyo, kwenye benchi nje ya chumba cha picha. Mke wake alikuwa ameanguka akianika nguo, neno likiwa nusu mdomoni. Daktari wa upasuaji alikwishanawa mikono, anasubiri kuonyeshwa damu imevujia wapi. Mtu wa picha alitoka mara tatu: mashine inajivuta, mzee, ndiyo tuliyopewa. Picha ilipotoka, daktari aliitazama, kisha akamtazama Winchi. Tungeipata nusu saa mapema, alisema. Nusu saa tu.

"Dakika hamsini na mbili," fundi alisema kwa sauti ya chini.

Akaandika. Alipomaliza akamsogezea karatasi, lakini mzee aliirudisha.

"Nisomee."

"Umesahau miwani?"

"Miwani ya nini? Shule niliipitia kwa nje ya ukuta. Marehemu ndiye aliyekuwa macho yangu. Barua, karatasi za dawa, hata vibao vya milangoni. Ananisomea huku ananicheka, lakini ananisomea."

Fundi akasoma yote, polepole. Winchi alitikisa kichwa kwa kila namba kama mtu anayehesabu magunia.

"Ongeza hapo: wenye nguvu ya kugawa walijigawia wenyewe."

"Naandika nilichokiona tu, baba. Ila ngoja niongeze namba za kiwandani zilizopo chini ya kompyuta, wasije wakazikana."

Akailaza nyepesi ubavu, akafuta vumbi kwa kiganja. Palikuwa na karatasi ya manjano imegandishwa, ya siku ya kuletwa. Akailaza na nzito. Nayo ilikuwa na ya kwake. Fundi alitazama moja, akatazama nyingine, akairudia ya kwanza. Kisha akazisimamisha zote haraka, akaanza kutafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake.

"Umeona nini?"

"Hakuna kitu. Namba tu zimefutika. Karatasi yako inatosha hivi hivi, baba, nenda nayo."

"Binti." Mzee alikwishasimama. "Mke wangu hakuwahi kunificha neno, hata liwe baya vipi. Nisomee."

Fundi alizilaza tena. Alisoma bila kuinua uso.

"Hii nyepesi: 'Ofisi ya Mkurugenzi, ghorofa ya juu.' Hii nzito: 'Chumba cha Picha. Mchukuzi, tafadhali usikosee.'"