Rundo la Miiba

Zilibaki saini mbili tu ili Kibaha na Kisarawe wapate dampo la pamoja, lenye shimo maalumu la sindano na taka za hospitali. Mwamini, afisa mazingira wa Kisarawe, alikuwa ameshashika kalamu pale bondeni palipopangiwa dampo aliposikia nyuki.

Walikuwa wakiingia na kutoka kwenye rundo la miiba juu ya mchanga wa korongo. Mara zote mbili alipokuja kupima alilipita, akidhani ni matawi yaliyoletwa na mafuriko.

Alilisogeza kwa kiatu. Chini yake palikuwa na kisima kilichochimbwa kwa mikono, na kata ya kifuu ikielea. Wafugaji walikuwa wamekifunika ili ng'ombe wasikivuruge.

"Dada Mwamini, tunakusubiri wewe," alisema mhandisi wa Kibaha, akija na faili. Kisha akayaona maji. "Si uliandika hapa hakuna maji?"

"Niliandika."

Aliinama, akachota, akampa. Mhandisi akanywa yote, akajifuta mdomo.

Mwamini akalichukua faili, akaitafuta sentensi yake, akaikata kwa kalamu ileile ya kusainia.