Mti Uliotoa Machozi

Zamani, Mbuzi alipokuwa bado anapiga hodi, Kobe alikuwa na kibustani chenye mti mmoja mfupi wa maua, matawi yake yameinama hadi chini. Aliupanda marehemu mkewe.

"Mzee Kobe, mti huu unalia," Mbuzi akasema huku mate yakimdondoka. "Mti unaolia ni mkosi. Niachie niule, nikuokoe!"

"Unalia? Mbona sioni machozi?"

"Nakutolea sasa hivi!"

Mbuzi akatikisa tawi kwa pembe. Wakachomoka ndege kumi, wale wanyonya maua waitwao chozi, wakamdonoa pua mpaka akapita juu ya wigo.

"Kweli, bwana, machozi hayo!" Kobe akacheka hadi gamba likatikisika. Akageuka amsimulie mkewe. Akakumbuka.

Basi akausimulia mti.