Kondoo Tasa na Mwezi Mpya

Kisu kilikuwa kimeshanolewa, na safari hii Seonaid hakuwa na kisingizio. Tangu mwezi uanze kupungua alikuwa akimzuia mumewe, kwani kila mtu kisiwani Uist alijua kwamba mnyama akichinjwa wakati huo, nyama yake hunywea sufuriani. Lakini jana jioni mwezi mpya uliandama, na wote wawili wakatoka nje kuuinamia.

"Haya, mshike," mumewe alisema. "Tasa huyu kanilia nyasi bure. Au wageni wa harusi ya binti yako wale huo mwezi?"

Seonaid akapiga magoti kwenye umande, akamkumbatia kondoo tumboni. Sufu ilikuwa nzito, yenye joto. Ndipo kitu kikamgonga kiganjani, kikatulia, kikagonga tena.

"Mzee, weka hicho kisu."

"Umeshaanza."

"Weka, nakwambia! Lete mkono hapa."

Akauleta huku amenuna. Mara akavua kofia, akajilaza chini mzimamzima, akabandika sikio kwenye sufu.

Seonaid alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Na wageni je?"

"Hebu nyamaza, mke wangu," alisema, macho kayafumba. "Kuna wa pili huku."