Jani Lisilo na Chini

Migomba yote inayoruhusiwa siku hizi ina majani yasiyo na chini. Pande zote mbili ni za juu, ili zinywe jua. Darasa la jioni lilinifundisha sababu: jeni inayoliambia jani kwamba huku ni chini imezimwa.

Kijijini kwetu, harusini tunakula kwenye upande wa juu wa jani, unaong'aa. Msibani, upande wa chini, uliofifia. Leo tulipotoka kumzika mke wangu, dada yake Kemilembe alitandaza jani, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Shemeji, msomi wetu, upande wa msiba ni upi?"

Nilitoa lenzi yangu, nikatafuta walau alama.

"Wowote," nikasema.

"Usomi wote huo, shemeji, kwa neno moja?"

Tukala. Mpita njia akachungulia majani yetu, akauliza kwa furaha ni nani aliyeoa.