Kipicha cha Nne Chini ya Skrini

Siku hiyo mjinga alikuwa Shekuwe mwenyewe, maana ndiye aliyemfundisha mkewe kutumia kompyuta yake.

"Usihangaike kuandika majina ya tovuti, Mwanaisha. Zote nimezibandika kwenye mstari wa chini. Bonyeza kipicha tu, inafunguka kama programu." Akavimba kama fundi mkuu, kisha akaenda kuoga.

Kila alipomaliza kutumia kompyuta, Shekuwe alifuta kumbukumbu za kila alikopita. Vile vipicha vya chini hakuvigusa. Macho yake yalishavizoea, akawa havioni tena.

Mwanaisha alibonyeza cha kwanza, ikaja barua pepe. Cha pili, hali ya hewa. Cha tatu, magazeti. Cha nne, chenye kimoyo chekundu, kilimfungulia tovuti ya wanaotafuta wachumba, na hapo akamwona mumewe ndani ya kanzu ya harusi yao, anatabasamu. Bibi harusi alikuwa amekatwa. Kilichobaki ni mkono wake wenye hina, umelala begani mwa bwana. Chini ya picha Shekuwe ameandika: "Nilifiwa na mke miaka miwili iliyopita. Natafuta wa kunifuta machozi."

Shekuwe akatoka na taulo, povu bado sikioni. Akaona kilichofunguliwa.

"Hiyo ilikuja na kompyuta, mke wangu."

"Na mkono wangu nao ulikuja na kompyuta?"

Akapiga magoti, maji yakimchuruzika sakafuni. "Mwanaisha, niwie radhi."

Mwanaisha hakugeuka. "Radhi unamwomba nani? Mkeo si ulishamzika?"