Mkono Ndani ya Kanga

Katika nyimbo zote za kale za Kiayalandi alizofunzwa na Bi Nora, Mashavu alichagua ile ya kuchekesha, ya mbuzi mlevi. Za huzuni alizikwepa. Kwao Bi Nora, huko Ayalandi, anayeimba huzuni bila ala hushikwa mkono na msikilizaji, ukazungushwa taratibu asije akazama peke yake. Na leo wakwe watarajiwa walikaa mstari wa mbele, wamepambika kama keki.

Lakini alipofungua kinywa, mbuzi aligoma. Alitoka baharia aliyekufa maji.

Bi Nora akajikongoja hadi jukwaani, kandambili zikimlilia, akamshika mkono na kuuzungusha.

"Wifi!" akaita dada wa mchumba wa Mashavu. "Huyo bibi anasaga mahindi au anakoroga uji?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mashavu naye akacheka. Akauchomoa mkono, akauficha ndani ya kanga, na hapo hapo ubeti wa pili ukamponyoka.

Bi Nora hakurudi kitini. Mkono wake mtupu uliendelea kuzunguka hewani, polepole, ukiusubiri ubeti. Na ndani ya kanga, vidole vya Mashavu navyo vikaanza kuzunguka.